Grini kadi kwa mtoto wa mkazi wa kudumu Marekani

Ndugu, umeuliza kama mwanao wa miaka 20, aliyeko Marekani kwa viza ya mwanafunzi, anaweza kupata grini kadi kupitia yako bila kurudi nyumbani. Anaweza, ila tarehe zisikuponyoke.

Jaza I-130 (fomu yako ya kumwombea ndugu) wiki hii. Yeye hawezi kuwasilisha I-485 (ombi lake la grini kadi akiwa ndani ya Marekani) mpaka foleni ya F2A, ya wenzi na watoto wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21 wa wakazi wa kudumu, imfikie. Kila mwezi USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani) hutangaza inatumia jedwali lipi la tarehe za foleni: la kuwasilisha maombi au la uamuzi wa mwisho. Kusubiri huko hakumpi ruhusa ya kukaa. Akiacha chuo au akipiga kibarua bila kibali, kwa kawaida atazuiwa kubadilisha hadhi (kupata grini kadi) akiwa ndani ya nchi.

Umri ndio unaowaponza wengi. Sheria ya CSPA (ya kulinda umri wa mtoto) huchukua umri wake siku I-130 imeshakubaliwa na viza ipo (kwa jedwali la uamuzi wa mwisho), kisha hutoa siku ambazo I-130 ilisubiri uamuzi. Ana miaka 21 na siku 200, ombi lilikaa siku 300? Bado ni mtoto, ila aombe ndani ya mwaka mmoja tangu viza ipatikane.

Wewe ukiapa uraia kabla hajafikisha 21, foleni haimhusu tena na umri wake unaganda siku hiyo. Lakini akioa ukiwa bado mkazi tu, I-130 imekufa, na uraia wako wa baadaye hauifufui. Hapo hakuna kubembeleza.

Bahasha ya I-485 iwe na I-693 (fomu ya uchunguzi wa afya) ya daktari aliyeidhinishwa na USCIS, pamoja na I-864 yako (ahadi ya kumtegemeza kifedha). Asisafiri nje kabla ya kupata kibali cha I-131 (cha kusafiri na kurudi) wakati ombi linasubiri, la sivyo ombi litahesabiwa limeachwa.