Mshubiri wa Mistari: Anza na Udongo

Mshubiri wangu wa kwanza ulikufa mwezi wa Mei, mvua ikinyesha, nami bado naumwagilia kila asubuhi. Ulikuwa ule mdogo wenye mistari myeupe, asili yake Afrika Kusini na Namibia, nilioununua kwa wauza miche wa kando ya barabara hapa Nakuru. Kwa macho ulikuwa mzima. Nilipoligusa jani la chini liling'oka lenyewe, shina lake la kahawia likiwa laini kama ndizi iliyooza, na harufu ikanipata kabla sijainama.

Maji yalichangia, lakini kosa kubwa lilikuwa udongo. Niliupanda kwenye udongo mweusi wenye samadi, ule unaostawisha sukuma wiki. Hushika maji siku nyingi, na mizizi ya mshubiri ikikosa hewa huoza.

Siku hizi nachanganya sehemu moja ya udongo na mbili za vijiwe vya volkano, vile vyepesi vyenye matundu tunavyosugulia visigino. Sisi wa chini ya volkano ya Menengai hatuvitafuti mbali. Vichekeche na uvioshe, kwa sababu vumbi lake likibaki huganda na kuziba njia ya maji. Chungu kiwe na tundu. Cha udongo hukauka haraka kuliko cha plastiki.

Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti cha mshikaki hadi chini. Kikitoka na udongo, subiri. Kikitoka kikavu, mwaga maji pembeni mpaka yachuruzike chini, wala yasituame katikati ya majani. Kiangazi cha Januari humwagilia kama mara moja kwa siku kumi. Wakati wa masika chungu hukaa chini ya upenu, na mwezi huweza kwisha bila tone.

Jua la huku juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, huchoma mmea uliozoea kivuli. Uanze na la asubuhi tu, wiki mbili.

Ukiona umeanza kuoza, ung'oe, ukate kwa kisu safi hadi pasipo na doa, uuache kivulini wiki nzima kidonda kikauke, ndipo uupande pakavu. Nimeokoa miwili hivyo.

Na tafadhali, usichimbe ya porini. Mishubiri yote isipokuwa alovera ya kawaida imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Nunua, au omba chipukizi kwa aliye nao.

Jirani akija kuomba jani la kutia kwenye maji ya kuku, namkatia alovera iliyo langoni. Huu wa mistari siugusi.