Nimpeleke mamangu Mombasa kwa treni?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Niko Kangemi, Disemba nataka kumpeleka mamangu pwani. Magoti yanamsumbua na basi la usiku hataki hata kulisikia, anasema miguu inavimba. Kijana wangu ananiambia treni siku hizi ni bei ya ndege, ni ukweli? Halafu Krismasi tunafaa kuwa kwetu Kisumu, tukirudi si tunaweza kuunganisha tu hapo Syokimau, stesheni ya treni ya Nairobi? – Mama Brayo

JIBU: Mama Brayo, huyo kijana anakuzungusha. Nauli ilipanda ndio, Januari 2024 ikonomi ikatoka 1,000 ikawa 1,500 na fasti klasi ikatoka 3,000 ikafika 4,500, watu wakalia sana, lakini ndege ya 1,500 Disemba hebu akuonyeshe inapaa kutoka wapi.

Mimi ningeangalia magoti ya mama kwanza. Viti vya ikonomi vinaangaliana, vitatu upande huu viwili ule, mgongo wa kiti umesimama wima haulali, na mkiwekwa na jamaa mrefu magoti yenu yatasalimiana mpaka Miritini, stesheni ya Mombasa. Ukiweza lipa fasti klasi. Ukikosa, ikonomi bado inashinda basi kwa sababu mama anaweza kuinuka atembeetembee na choo kiko humo humo, hakuna kumbembeleza dereva asimame. Ila ya asubuhi iacheni, hiyo inasimama Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani, chukueni ile ya moja kwa moja ya mchana, kama masaa tano hivi mko Mombasa.

Shida yenyewe ya SGR, hiyo treni ya Mombasa, iko huku na kule mwisho, njiani hakuna neno. Syokimau ni mbali na tao, na Miritini pia si mjini, na Mombasa Road unaijua. Nyinyi wa Kangemi shukeni taoni mpande treni ndogo pale Railways, stesheni ya zamani, inawafikisha mpaka stesheni ya SGR bila jam. Fikeni mapema, lisaa limoja kabla hivi, maana mizigo inapangwa chini kwa laini mbwa wapite wakinusa (mama kama anaogopa mbwa umwambie mapema), halafu kuna mashine, halafu kitambulisho, na jina lazima lifanane na la tiketi.

Kuunganisha Kisumu hapo Syokimau, sahau. Reli mpya ilisukumwa mpaka Suswa 2019 ikaishia huko. Ya Kisumu inapita reli ya zamani ya Mwingereza, ile ilifika ziwani 1901, abiria walirudishiwa Disemba 2021, na inatokea stesheni ya zamani taoni, si kila siku, inatambaa usiku kucha. Kwa raha zako ni safari tamu lakini kwa magoti hayo ningechukua shato ya mchana ya kupitia Nakuru, mnashuka mnanyoosha miguu mnakula.

Tiketi za SGR kata kwa simu, *639#, unalipa na M-Pesa. Disemba zinaisha haraka, kwa hivyo ya kwenda na ya kurudi zikate pamoja, kuna watu hukata ya kwenda pekee wanajikuta wanarudi na hilo hilo basi la usiku.