Iliki chini ya mfenesi: mkuu, usitumbukize kitu kwenye hayo mashimo

Mkuu, weka jembe chini kwanza. Unasema kichaka cha iliki nyuma ya jiko kimebanana, unataka kukigawa uhamishie chini ya mfenesi, na mashimo ya futi mbili umeshachimba "kama ya mgomba". Hapo kwenye mgomba ndipo moyo uliponilipuka. Yalinikuta hayo hayo.

Mimi nilimsikiliza jamaa aliyeniuzia machipukizi. Mtu mzima, anaongea utadhani kazaliwa Amani, kule Usambara kwenye iliki, msituni kabisa: "Chimba chini, shindilia, upepo usiyang'oe." Nikachimba, nikamwaga samadi mbichi, nikatumbukiza, nikafukia hadi nusu ya shina, na juu nikaacha kibonde cha kukinga maji. Masika ikaja. Udongo wetu ni mfinyanzi, kila kibonde kikatuamisha maji. Majani yakabaki kijani kwa muda wa kutosha kunitia kiburi, jioni napita napiga hesabu za faida. Kisha ncha zikaanza njano. Nikavuta shina moja, kidogo tu, likaja lote mkononi, jepesi, mwisho wake kahawia, ukibinya linatoa maji. Harufu ya iliki hakuna, linanuka mtaro. Ndivyo yalivyokwenda yote, na pesa ya vibarua na ya gari la samadi juu yake. Mama watoto akawa anawauliza wageni kama wameshapita kutoa pole makaburini. Nilicheka, ningefanyaje?

Nilipomrudia yule bwana akasema ardhi yangu ina mkosi. Mkosi! Mtu anauza chipukizi na hajui linavyokaa ardhini, si bora akauze vocha?

Sasa shika moja tu kuhusu tunguu, lile shina nene la ardhini linalotoa mizizi na machipukizi: TUNGUU LA ILIKI HALIZIKWI, LINAFUNIKWA. Mgomba unavumilia kwenda chini. Iliki ni ndugu wa tangawizi, tunguu lake linatambaa juu juu na halina shughuli na futi mbili. Halafu maua hayatoki kileleni. Vikonyo vya maua vinachomoza pale shinani, vinatambaa juu ya udongo, na punje utazichuma umeinama. Ukishafukia shina, hata likipona, vikonyo vitatokea wapi?

Shimo lenyewe si tatizo. Linachimbwa ili udongo ulainike, kisha unalijaza tena udongo wa juu uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, mpaka pawe na kimwinuko. Chipukizi unalilaza hapo juu, tunguu lifichwe na udongo mchache tu, basi. Unaogopa upepo? Chomeka kijiti, funga shina kwa kamba ya mgomba (hapo ndipo mgomba una kazi). Tandaza majani makavu pembeni, usiyarundike shinani. Nimerudia na nitarudia: usizike.

Kwenye kugawa, panga liwe kali, na kila kipande kibaki na shina lililokomaa pamoja na changa ubavuni, na mizizi yake. Kukata shina mojamoja ili yawe mengi ni tamaa. Na kama kichaka kina majani yenye michirizi iliyofifia, usikiguse, maana ugonjwa unasafiri na chipukizi.

Ulikuwa umeuliza na nini tena... Mfenesi, ndiyo. Punguza matawi ya chini, jua liingie kwa madoadoa, usiukate kipara. Kuzaa, tegemea mwaka wa tatu. Ya bei tutaongea ukiwa na gunia mkononi.

Leo hii rudisha udongo kwenye hayo mashimo. Masika ikishika, panda moja, piga picha ya shinani kwa karibu, iweke hapa kabla hujagusa la pili.