Walolitunza pango ndo waanze kusikilizwa

Wiki hii mmeuliza tufanye nini na mapango na miamba yetu ya Zanzibar ili watalii waje, wenyeji wafaidike, na vitu vibaki salama. Mimi mtu wa kusini Unguja na jawabu langu ni moja, anzeni na wale walolitunza pango kabla hajaja mtalii hata mmoja, wao wawe wa mwanzo kusema na wa mwanzo kupata.

Chukueni pango la Kuumbi pale Jambiani. Wataalamu wa mambo ya kale wamechimba, Profesa Felix Chami mmoja wao mwaka 2005, na imeonekana watu walilitumia tokea kama miaka 20,000 iliyopita, tena kumekutwa mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao Unguja ya leo huwaoni kabisa. Sasa punda milia kaja vipi kisiwani? Kaja kwa miguu yake! Zama zile barafu ilikuwa nyingi duniani, bahari ikashuka zaidi ya mita 100, na mkondo baina yetu na bara hauna kina kikubwa kwa hiyo tulikuwa tumeshikana. Pemba ndo mbali, kule bahari ni kina kirefu na kisiwa kimejitenga zamani mno. Habari kama hii mgeni analipa kuisikia, na watoto wetu wengi wanamaliza skuli hawajaambiwa, hilo linaniuma kweli.

Na jiwe lenyewe ni matumbawe ya kale yalobaki juu bahari iliposhuka. Mvua ikipita hewani na kwenye udongo inapata utindikali kidogo, inalila jiwe pole pole mpaka linakuwa pango, halafu yale yanayoning'inia darini yanajengeka tone kwa tone miaka na miaka. Mtu akivunja kipande akakiweke kwao kabatini, wajukuu zetu hawatokiona kimerudi. Halafu kuna maji jamani, hapa ndo watu hawapafikirii. Jiwe letu limejaa matundu, unachokimwaga juu kinashuka chini haraka, na Unguja maji yetu sehemu kubwa yanatoka ardhini. Choo kibovu kikijengwa karibu na pango kwa ajili ya wageni, atakaekunywa ni mwanakijiji.

Wavyale, wazee wanaoangalia mizimu ya kijiji, walikuwa na masharti yao, huingii ovyo, hukati mti wa mzimuni, hutoki na kitu. Mtu ana lake kuhusu mizimu kwa upande wa dini na mimi sibishani nae, lakini tazameni miti mikubwa ya uwandani, kwenye ardhi yetu ya mawe, ilosalimika na shoka, mingi utaikuta mzimuni. Basi masharti yale yaandikwe ubaoni mlangoni mwa pango, na uongezwe ukomo wa watu wa kuingia kwa mara moja, na muongozaji awe kijana wa shehia hiyo hiyo alofunzwa vizuri, sio papasi kaja na wageni wake kutoka mjini, anasema analolijua yeye kisha anaondoka na pesa zote.

Wala sisemi jambo geni. Msitu wa Jozani sehemu ya kiingilio inarudi vijijini na JECA, jumuiya ya wanavijiji ya kuhifadhi mazingira, imekuwa ikiisimamia miradi ya wanavijiji. Kisiwa cha Chumbe wanapokea wageni wachache, wanavuna maji ya mvua mapaani, vyoo vyao havimwagi uchafu baharini, na wanafunzi wetu wanapelekwa kusoma kule. Bara nako Ngorongoro Lengai imekuwa jiopaki ya UNESCO, yaani eneo la miamba na ardhi yenye thamani kwa dunia nzima, tokea 2018, na jiopaki sharti wenyeji wawemo katika uendeshaji. Mimi siombi kwanza jina kubwa la UNESCO, naomba utaratibu tu.

Najua mtasema kamati za kijiji nazo zinakula. Ndio, zipo, kwa hiyo tiketi ziwe na namba, sheha asiwe yeye ndo mshika fedha, kina mama wawemo kwenye kamati kwa kura sio kwa kujazia viti, na kila mwezi kitabu kisomwe hadharani, kiasi gani kimeingia, nani kalipwa, kilobaki kinakwenda skuli au kisimani. Wa kusoma awe mtu asiekuwa kwenye kamati, na anaetaka kuuliza asimame aulize pale pale.