Maswali ya Wasomaji: Mbona Diwali Haikai Tarehe Moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi cherehani hapa Iringa mjini, na kibaraza ninachoshonea ni cha duka la vitambaa la Mhindi. Kila mwaka mwenye duka hunijulisha siku atakayolifunga duka kwa ajili ya Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu, na haifanani na ya mwaka uliopita: 2022 ilikuwa 24 Oktoba, 2023 ikawa 12 Novemba, 2024 ikarudi 31 Oktoba, na 2025 ikawa 20 Oktoba. Ramadhani naielewa, kwani kila mwaka hurudi nyuma kama siku 11 bila kugeuka. Hii ya kurudi kisha kuruka mbele inatoka wapi?
Fundi, Iringa

JIBU: Ndugu Fundi, ulipoitaja Ramadhani ulikwisha kugusa kiini cha jambo lenyewe. Kalenda zote mbili, ya Kiislamu na ya Kihindu, hufuata mwezi wa angani, na miezi 12 ya namna hiyo hufanya takriban siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Waislamu huuacha upungufu huo kama ulivyo, ndiyo maana mfungo huzunguka majira yote, na mwaka 2016 ulianguka katika baridi ya Juni ambayo wenzetu wa Makete wanaijua vizuri kuliko sisi. Wahindu (maana si kila Mhindi ni Mhindu, wengi wa wenye maduka ni Waislamu) huuziba kwa kuongeza mwezi mzima wa 13, uitwao adhika masa, kila baada ya miezi 32 au 33 hivi, kiasi kwamba katika miaka 19 nyongeza huwa 7.

Mwezi huo hauchomekwi ovyo. Mwezi mwandamo ukianza na kwisha bila jua kuingia katika buruji mpya (moja ya sehemu 12 za njia ya jua angani), huo ndio wa nyongeza, nao huchukua jina la mwezi unaoufuata. Mwaka 2023 mwezi wa Shravan ulihesabiwa mara mbili, ule wa nyongeza ukianza 18 Julai na kwisha 16 Agosti, na kwa sababu hiyo Diwali ilisukumwa mbele hadi Novemba. Ya 2026 nayo ni 8 Novemba, kwa kuwa mwezi wa Jyeshtha umerudiwa.

Tarehe zenyewe husomwa katika panchang, almanaka ambayo wajuzi wa falaki huiandaa kwa kukokotoa mwendo wa jua na mwezi. Humo siku ya mwezi huitwa tithi, nayo haianzi usiku wa manane wala machweo: hukatika saa yoyote ambapo mwezi umeliacha jua kwa nyuzi 12 zaidi. Diwali huangukia tithi ya giza, amavasya, yaani mwezi usipoonekana kabisa, na sharti lake ni kwamba giza hilo liwepo jua linapozama, wakati wa kuwasha vile vibakuli vya udongo vyenye samli na utambi wa pamba ambavyo bila shaka umeviona kizingitini. Mwaka 2024 tithi hiyo iliisha 1 Novemba, saa 12:17 jioni kwa saa za India, ambapo Delhi jua lilikuwa limekwisha kuzama. Basi huko giza lilishika machweo mawili, na watu wakabishana kama sikukuu ni 31 au 1. Kwetu ilikuwa saa 9:47 alasiri, jua la Iringa lingali juu, kwa hiyo mwenye duka wako alikuwa na siku moja tu ya kuchagua.

SWALI: Jirani yetu Mgujarati (Mhindi wa asili ya Gujarat, magharibi mwa India) anasema mwaka wake mpya wa 2082 ulianza Oktoba 2025. Anahesabu kutoka wapi?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Anafuata kalenda ya Vikram, inayotangulia yetu kwa miaka 56 au 57 kutegemea tarehe. Wagujarati huuanza mwaka huo baada ya Diwali, ndiyo maana wafanyabiashara wao huyaombea baraka madaftari mapya ya hesabu usiku wa sikukuu. Wahindu wa kaskazini mwa India huuanza katika mwezi wa Chaitra, Machi au Aprili. Kwa kawaida mwaka mpya wa Kigujarati ni siku inayofuata Diwali, lakini mwaka 2025 giza liliendelea hadi alasiri ya 21 Oktoba, na jirani yako akangoja hadi tarehe 22.