Barua kwa mwanangu: Kamala wala hakuwa Mganda

Mama, hujambo. Voisi yako ya juzi nimeisikiliza mara mbili. Eti umepata nafasi kwenye tamthilia, mama wa kambo anayemficha mtoto chakula, na unauliza baba nikubali au watu watanizomea mpaka sokoni. Watakuzomea. Ila ngoja kwanza nikupe habari za Kamala, yule mpiganaji wa mieleka.

Bukoba mwanzoni mwa miaka ya 90 TV hatuna, mieleka ya Marekani tunaangalia kwenye banda la video, mabenchi ya mbao, jenereta inanguruma nje, mkanda umechakaa picha inajaa mistari. Siku hiyo likatokea jitu, peku, kinyago, mkuki, tumboni limechorwa mwezi na nyota, mwenye banda anatutafsiria huyu katoka Uganda, alikuwa mlinzi wa Idi Amin. Weee! Idi Amin, kwetu sisi! Nyumba ya babu yako kule Kyaka ilibomolewa vitani 1978, watu bado wana machungu, mzee mmoja akavua ndala akairusha kwenye skrini.

Kumbe Mganda wapi! James Harris, mzaliwa wa Mississippi 1950, kakulia kwenye mashamba ya pamba. Mpiganaji Jerry Lawler na mwandaaji wa mieleka Jerry Jarrett ndo walimtengeneza Kamala kule Memphis, Marekani, 1982, kabla ya hapo alikuwa anapigana kama Sugar Bear Harris na wachache tu ndo walimjua. Kinyago kikampa kula, akapambana na wakubwa wa mieleka kama Andre the Giant, 1992 akasimama na Undertaker uwanja wa Wembley, London, mbele ya watu kama 80,000. Kwa hiyo ubaya unalipa, sikatai.

Sasa, Kamala alikuwa anajifanya hajui hata mchezo wenyewe, anamlaza mtu kifudifudi anamlalia, refa hahesabu maana ni mabega ndo yanatakiwa yaguse chini, msimamizi wake Kim Chee anahangaika pembeni kumwonyesha mgeuze, mgeuze! Tulicheka mpaka machozi. Mimi pia nilicheka, na siku hizi nikikumbuka naona aibu kidogo. Na haongei. Mtu mzima ana Kiingereza chake safi kabisa, miaka na miaka anaguna tu. Yeye mwenyewe alikuja kusema baadaye kwamba Wembley alilipwa kiduchu sana ukilinganisha na mwenzake. Alivyotoka kwenye ile kampuni ya mieleka, WWF, 1993 akarudi kuendesha malori, kisukari kikamla mguu mmoja 2011, wa pili 2012, akafariki Agosti 2020.

Kubali tu mama. Wakikuzomea sokoni ujue umeigiza vizuri, nunua nyanya zako uondoke. Ila mkataba nitumie kabla hujasaini, nimpe baba yako mdogo ausome, tunataka kuona wakirudia kuonyesha unalipwa nini na kama unaruhusiwa kuchukua kazi nyingine. Na wakikuambia huyo mama wa kambo aongee lafudhi ya kabila fulani ili watu wacheke, muulize mwandishi kama amewahi kufika huko hata siku moja.

Mama yako hapa anauliza huyo mtoto anayefichwa chakula ni wa nani, na je wakimaliza kushuti anapewa kweli?

Baba