Usaili wa dakika kumi na mbili

SWALI: Shikamooni. Nina miaka 26, naishi Majengo, Moshi, na nina diploma ya uhasibu. Niliitwa kwenye usaili wa mhasibu msaidizi katika kampuni kubwa jijini Arusha. Niliambiwa saa tatu asubuhi, nikaingizwa saa saba kasoro. Nilipewa faili la mauzo la Excel nitoe jumla ya kila mwezi kwa dakika 20. Fomula zangu zote zikaleta sifuri. Baada ya hapo jopo la watu wanne likanihoji dakika kumi na mbili tu, na mmoja akataka kujua nitaolewa lini na kama nina mpango wa kuzaa. Wiki ya tatu hii, kimya. Je, walikuwa na mtu wao? Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, na pole. Tuanze na sifuri zako, maana huenda ndizo zilizokuangusha.

Mafaili ya usaili mara nyingi hutegwa. Tarehe huwa zimeingizwa kama maandishi, na kiasi kimetanguliwa na "TSh". Kwa Excel hiyo si namba, na SUMIFS (fomula ya kujumlisha kwa masharti) hulipita andiko kimyakimya bila kukuonya. Dalili huonekana kwa macho: namba hujipanga kulia mwa kisanduku, maandishi kushoto. Ukiwa na shaka, andika =ISNUMBER(C2) pembeni, C2 ikiwa kisanduku unachokishuku; ikitoa FALSE, umeshaujua ugonjwa. Kwa fedha, chagua safu, bonyeza Ctrl+H, andika "TSh" pamoja na nafasi inayoifuata kwenye sehemu ya juu, ya chini iache tupu, kisha Replace All. Kwa tarehe, chagua safu, nenda Data, Text to Columns, Next mara mbili, chagua Date kisha DMY, Finish. Hiyo DMY usiiruke: kompyuta iliyopangwa Kimarekani huisoma 03/04 kuwa Machi 4, na mauzo ya Aprili yakahamia Machi bila mtu kushtuka. Kazi yote haimalizi dakika tano. Muda ukikuishia, waandikie kasoro uliyoiona. Msahihishaji makini hukupa alama kidogo kwa hilo.

Dakika kumi na mbili si dalili ya hila. Wajumbe huwa na fomu ya alama yenye maswali yale yale kwa kila anayeingia, na nafasi ya chini huwa na maswali machache. Ukiulizwa kuhusu VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ukajibu "naifahamu vizuri", mjumbe hana pa kuweka alama. Sema kiwango cha kawaida ni asilimia 18 na ritani, yaani taarifa ya kodi hiyo, huwasilishwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukiulizwa usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha daftari lako na taarifa ya benki, taja hundi ambazo hazijafika benki na makato ambayo hayajaingia kwenye daftari lako. Kuhusu mtu wao, hayo hutokea, lakini katika uliyotueleza hatuoni cha kuyathibitisha. Kukukalisha kwa muda wa karibu saa nne ni utovu wa adabu tu.

Swali la ndoa ndilo lenye uzito. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya hali ya ndoa, ujauzito na majukumu ya familia, na kinamhusu hata anayeomba kazi. Ukionyesha dalili za msingi, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakukuwa na ubaguzi humwangukia mwajiri. Hata hivyo, swali peke yake ni ushahidi mwembamba. Andika leo maneno yalivyosemwa, nani aliyasema na saa ngapi. Ukiamua kulalamika, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) hupokea migogoro ya aina hii ndani ya siku 60, nawe umeshatumia zaidi ya 14. Unajaza Fomu namba 1 ya Tume, unampelekea mwajiri nakala kwanza, kisha unaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kuwa ameipokea. Siku nyingine ukiulizwa hivyo, jibu kinachohusu kazi: "Saa za kazi nitaziweza, pamoja na kufunga hesabu mwisho wa mwezi." Halafu nyamaza.

Kwa sasa waandikie idara ya rasilimali watu mistari miwili: "Nilihudhuria usaili wa mhasibu msaidizi tarehe fulani. Naomba kujua kama uamuzi umefanyika na, ikiwezekana, sehemu niliyopungukiwa." Wiki ikipita bila jibu, kumbusha mara moja, kisha endelea na maombi mengine.

SWALI: Nikiitwa tena Arusha, nidai nauli? Na nitoke Moshi saa ngapi?

JIBU: Nauli iulizie siku wanapokupigia simu, si baada ya usaili. Kwa usaili wa saa tatu, uwe stendi kabla ya saa kumi na mbili. Ni kilomita 80 hivi, lakini Costa (basi dogo) husubiri kujaa, vijijini mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na kuanzia Usa River magari hubanana. Ukishuka bado kuna kifodi, yaani daladala ndogo ya mjini, cha kupanda.